Kabla Sijalijua Neno Koa

Juzi mjukuu wangu alikuja kunisalimia kutoka Chiwata, alikoolewa, kabeba mfuko wa chumvi ya dukani. Hata mzigo hajautua vizuri akasema, "Shikamoo, bibi. Leo makoa wako watakoma." Nikamwitikia marahaba, nikamwacha ashuke bustanini. Akaitupa ile chumvi kama mtu anayelisha kuku. Nilikaa barazani namtazama. Chumvi yote ile! Kuna wakati, kwa kiasi kile, nyumba tatu za kwetu zingepikia mwezi mzima.

Aliporudi akanung'unika, "Bibi, hata asante huna?"

"Nimechoka," nikamjibu.

Akacheka, akasema koa ni kidudu tu, mtu hachoshwi na kidudu. Aa, mwache. Yeye neno koa alizaliwa akalikuta nyumbani, limekaa pamoja na maji na moto na ugali. Mimi nilifundishwa ukubwani, na nilifundishwa nimeshachelewa. Nikimwona koa mmoja tu kwenye jani, ule uchovu wa miaka ile unarudi wenyewe, unaanzia magotini.

Wakati huo nilikuwa mke wa mtu na mama wa mtoto mmoja wa kike, mtoto ambaye alikuwa bado hajasimama. Kwetu zamani zile mume ndiye aliyehamia kwa mkewe, kwa hiyo tuliishi kwa mama yangu, nje kidogo ya Masasi, njia ya kwenda Chidya, ng'ambo ya kijito. Mama yangu alikuwa mtu wa maboga. Wengine walisifiwa kwa pombe zao, wengine kwa vyungu, yeye alisifiwa kwa maboga yenye shingo ndefu, yanayokaa darini mwaka mzima bila kuoza. Mbegu zake alipewa na mama yake, na mama yake alivuka nazo Ruvuma akiwa msichana. Alizitunza ndani ya kibuyu kidogo, ukubwa wa ngumi ya mwanamume, mdomo wake umezibwa kwa nta ya nyuki.

Vita vya maji vilipofika Masasi, watu waliokuja navyo walisema mganga wao ana maji ambayo ukinyunyiziwa, risasi ya Mdachi inageuka maji. Wengine wetu waliamini, wengine walicheka, wote tulikimbia. Usiniulize tulikuwa upande gani. Hatukuwa na upande, tulikuwa na maboga. Mama alichukua jembe na kile kibuyu, mimi nikambeba mtoto, tukapanda mlima mpaka Newala kwa ndugu wa mama. Mume wangu hakufika. Alikamatwa njiani abebe mizigo ya Wadachi, akaondoka na sanduku kichwani, na mpaka leo sijui alilitua wapi.

Newala kule juu hewa ni nzuri, lakini maji ndiyo hakuna. Maji yako bondeni. Unashuka mteremko alfajiri na mtungi, unangoja zamu yako kwenye kishimo cha maji, unapanda tena jua likiwa utosini, na ukijikwaa umerudi na mtungi mtupu, au bila mtungi. Ndivyo nilivyoishi mwaka ule, kushuka na kupanda. Kisha njaa ikaingia. Waliopigana walikuwa wamekula ghala zetu, na Wadachi walipowafukuza wakachoma zilizobaki. Msimu ule hakulima mtu. Tulichimba ming'oko porini, ile mizizi ambayo watu wanaichimba mpaka leo, lakini tulikuwa wengi tunaochimba, na mwisho porini napo pakaisha.

Maziwa yangu yalikauka. Sitaki kulieleza sana hili. Mtoto alikuwa ananyonya, ananitazama usoni, kama ananiuliza nimeyaficha wapi.

Siku moja nikamwambia mama, "Zitwange zile mbegu. Mfanyie mtoto uji."

Mama akasema, "Zile si chakula."

"Ni nini basi?"

"Ni mwaka kesho."

Nilimsihi. Nilipiga magoti, nikamshika miguu, nikamtukana, na mtu hamtukani mama yake kwetu. Alikaa tu na kibuyu chake mapajani, amekishika kwa mikono miwili. Mtoto alikufa siku ya tatu asubuhi, mimi nikiwa narudi kuteka maji. Tulimzika kando ya njia ya kushuka bondeni. Kwa hiyo kila siku, nikishuka na nikipanda, nilimpita.

Nilimchukia mama yangu. Nimezeeka sasa, sina haja ya kuficha. Nilimchukia kwa moyo wote, nikalala naye chumba kimoja, nikala naye chungu kimoja, maana nilikuwa sina mwingine. Yeye naye hakuniita tena mama wa fulani kama alivyozoea kuniita kwa jina la mtoto. Wala hakurudi kuniita jina langu la utotoni. Aliniita "wewe", basi.

Mvua za mwaka wa pili zilipokaribia, tukashuka kurudi kwetu. Nyumba ilikuwa nguzo mbili nyeusi, jivu lake mvua ilikuwa imeshalichukua. Nyasi zilikuwa zimenipita kimo. Mama akatafuta mahali palipokuwa bustani yake karibu na kijito, akapafyeka siku nne, mimi nikimsaidia bila kusema naye. Siku ya tano akavunja nta ya kibuyu, akamimina mbegu kwenye ungo.

Unyevu ulikuwa umeingia. Zaidi ya nusu zilikuwa zimeoza, nyeusi, zimeshikana. Nilizitazama zile zilizooza. Hizo ndizo alizomnyima mwanangu! Mama hakuniangalia. Akachagua nzima moja moja, akapata arobaini. Ishirini akazirudisha kibuyuni, ishirini akazipanda.

Maboga yakaota. Jamani, yaliota vizuri! Yale majani mawili ya kwanza, manene, yanang'aa, yamefunguka kama viganja vya mtoto. Mama aliyatazama, kwa mara ya kwanza nikamwona anatabasamu. Nami, namshukuru Mungu kwa hili, nami nilifurahi. Nilijiambia kwamba haya yakizaa, basi angalau kuna kitu. Yasipozaa, mwanangu alikufa kwa ajili ya mbegu zilizooza.

Asubuhi ya tatu tukakuta vijiti vitupu. Asubuhi ya nne hata vijiti havikuwepo. Udongo wote ulikuwa na michirizi ya ute inayong'aa juani.

Huwezi kujua makoa wa mwaka ule walikuwaje. Miaka yote tulikuwa nao, kuku wakawala, tukawasahau. Lakini kuku sasa hakuna, kuku wa kwanza mpaka wa mwisho walikuwa wameliwa na watu wa vita, kisha na askari, kisha na sisi wenyewe. Nyasi ndefu, mvua, shamba miaka miwili halijaguswa. Makoa walinenepa, wakawa ukubwa wa kidole gumba. Sisi wote tulikuwa mifupa na wao wananona.

Dawa ya koa inayojulikana ni majivu. Unauzungushia mche duara la jivu kavu, hapiti, linamshika tumboni. Mtoto mdogo anajua hilo. Lakini jivu linatoka wapi? Jivu ni la mtu anayepika. Jiko letu lilikuwa na jivu la kujaza kiganja, maana tulipika majani mara moja kwa siku. Mama alikwenda kuomba jivu kwa majirani, akarudi na ungo mtupu. Majirani walimwambia, wewe unatuomba jivu, sisi wenyewe tunaomba cha kutuletea jivu. Walicheka, naye akacheka nao. Na hata lile dogo tulilokuwa nalo, mvua moja tu, limekuwa uji.

Akachukua zile mbegu ishirini za mwisho, akazipanda. Nilimwuliza, kwa mara ya kwanza baada ya miezi, "Na hizi wakizila?"

"Hawatazila," akasema. Lakini sauti haikuwa yake.

Tulifanya kazi, acha tu. Alfajiri tunaokota makoa kwa vijiti, tunawatia kwenye kigae, tunawamwaga mbali ng'ambo ya kijito. Vipande vya mkeka mbovu tunavilaza kati ya mashimo, ili jua likipanda makoa wajifiche chini yake kwenye ubaridi, kisha tunaviinua na kuwakusanya. Mgongo wangu ulikuwa umekunjika, haukunyooka hata nikilala. Mchana tunatafuta chakula. Jioni tunarudi kwenye makoa. Nilifika mahali nikawaona makoa hata nikifumba macho.

Ndipo mama akakumbuka tumbaku. Nyuma ya nyumba iliyoungua, tumbaku ilikuwa imejiotea yenyewe. Chakula hakuna, tumbaku tele. Alikata mashina na majani, akayaloweka kwenye chungu siku tatu, mpaka maji yakawa meusi na yanaumiza macho. Jioni akachovya fagio la mashuke ya mtama, akanyunyiza udongo kuzunguka kila mche, anatembea polepole, anainama, ananyunyiza. Asubuhi tulikuta makoa wamejikunja, wametoa ute wote, wamebaki kama maji ya kamasi. Miche kumi na minane ilikuwa imesimama. Miwili tu imeguswa.

Mama akaketi pale pale matopeni, akalia. Mimi sikwenda kumshika. Nilisimama na kigae changu.

Siku ya nne ya kunyunyiza, jua likiwa linaelekea kushuka, askari alipita. Vita vilikuwa vimekwisha, lakini askari walizunguka bado, wakitafuta watu wa kufanya kazi ya barabara na wakitafuta yeyote aliyebaki na maji ya mganga. Mtu aliyekutwa na chupa ya maji mazito alipelekwa bomani, wengine hawakurudi. Hilo sote tulilijua. Lakini mtu anayeua makoa hafikiri habari hiyo.

Yule askari hakuwa mtu wa kwetu. Alitoka mbali, alisema Kiswahili cha kuamrisha. Mimi nyumbani nilisema Kimakua. Kiswahili changu kilikuwa kile nilichookota kwa wafanyabiashara waliokuwa wakipita kwenda Lindi: njoo, lete, maji, dawa, chakula, hakuna. Mama yeye hakujua hata hicho. Mimi nilikuwa nimekaa ukingoni mwa bustani, nimechoka hata kumfukuza nzi. Askari akasimama karibu yangu, anatafuna muhogo wa kuchoma aliouchukua sijui kwa nani, akamtazama mama anavyochovya fagio na kunyunyiza.

"Wewe! Yule anamwaga nini?"

"Dawa," nikasema.

"Dawa gani?"

"Dawa ya maji."

Akaacha kutafuna. "Ya nini?"

Hapo ndipo neno lilinikosa. Kwa Kimakua nilikuwa nalo mdomoni kabisa. Kwa Kiswahili sikuwa nalo, hakuna mfanyabiashara aliyewahi kuniuzia koa. Nikasema, "Ya kuua."

"Kuua nani?"

Nikajaribu kueleza. Nikaunganisha maneno yangu machache, nikasema, "Wale wanaokuja. Wanakula chakula chetu, wanashiba. Nyumba hapa hawana. Wakipata dawa, wanakuwa maji."

Sikiliza maneno hayo kwa masikio ya askari. Mtu wa mbali, hana nyumba hapa, amekula muhogo wetu, ameshiba, na mwanamke mzee ananyunyiza maji ya dawa kwa fagio la mtama. Mimi mwenyewe siku hizi nikiyarudia nacheka. Siku ile nilimwona uso wake unabadilika, sikujua kwa nini.

Na hapa pana jambo ambalo sikumwambia mtu kwa muda mrefu. Mkeka ulikuwa pale mguuni pangu. Chini yake kulikuwa na makoa wasiopungua kumi. Ningeunyanyua, ningemwonyesha kwa kidole, basi, mambo yangekwisha pale, askari angetema mate akaenda zake. Mkono haukuhitaji Kiswahili. Niliona uso wake umebadilika, nikamwona anavua kamba begani, na mkono wangu ukabaki mapajani. Nilijiambia nimechoka. Nilikuwa nimechoka kweli. Lakini sikuwa nimechoka kiasi hicho.

Alikipiga chungu teke, maji meusi yakamwagika. Akamfunga mama shingoni. Mama hakuelewa neno hata moja, akageuka kuniuliza mimi, "Anataka nini?" Nikasema sijui. Alipoona anavutwa kweli, hakulia wala hakuomba. Alinigeukia akasema, "Tumbaku nyingine iko nyuma ya nguzo. Loweka leo. Kwa sasa waokote kwa mkono, na wa chini ya mkeka usiwasahau."

Wakaenda. Nikauinua mkeka. Walikuwa kumi na watatu.

Asubuhi yake niliamka na jambo moja tu kichwani, kwamba nimemtoa mama yangu afe. Chuki nayo ilikuwapo bado, haikuondoka, lakini haikuwa na nguvu ya kunikalisha. Niliokota makoa mpaka nikajaza chungu kidogo, nikakifunika kwa jani, nikakibeba kichwani kwenda bomani Masasi. Njiani watu waliniuliza nimebeba chakula gani. Niliongeza mwendo. Nilijua pia kwamba nikiondoka siku nzima, jioni hakuna atakayeokota, na mbingu ilikuwa nyeusi. Kila hatua nilikuwa naihesabu ile miche.

Bomani, chini ya mwamba, Mdachi alikuwa ameketi mezani nje ya hema. Mama alikuwa amekaa chini na watu wengine waliofungwa, shavu moja limevimba. Yule askari alikuwapo. Pembeni palikuwa na mpishi wa Mdachi, mtu wa Lindi, mwenye kanzu, anamenya viazi. Nikaenda moja kwa moja mpaka mezani, nikatua chungu, nikaondoa jani.

"Hawa," nikasema. "Wanakula vyetu. Nyumba hawana."

Kisha mpishi akainuka, akachungulia, akatupa kisu. "Toba! Makoa! Bwana, mwanamke huyu kaleta makoa!" Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaketi chini. Mdachi, ambaye alikijua Kiswahili kuliko mimi, akachungulia naye, akamtazama askari, akamtazama mama yangu, akacheka kwa sauti. Wote wakacheka, isipokuwa askari, na mama, na mimi.

Mpishi akafuta machozi, akaniambia kwa upole, maana hakuwa mtu mbaya, "Sema koa, dada. Mmoja koa, wengi makoa."

"Koa," nikasema.

"Ehe! Umeona? Ungelisema jana, mama yako angelala kwake."

Neno lenyewe kumbe ni fupi vile.

Nilidhani tutaondoka pamoja. Lakini Mdachi aliinuka, akatuongoza nyuma ya hema, na huko kulikuwa na bustani yake, imezungushiwa mawe meupe. Kabichi! Mistari imenyooka, na majani yametobolewa yote, yamebaki kama wavu. Akamwambia mpishi amwulize mama kama ile dawa inafanya kazi. Mpishi hakujua Kimakua, ikabidi nitafsiri mimi, na sasa neno nilikuwa nalo. Mama akasema inafanya kazi. Ni mtu wa kweli, hakujua kusema uongo hata pale.

Mdachi akasema mama atakaa pale mpaka kabichi zifunge vichwa.

Mama aliponisikia natafsiri, akauliza, "Na maboga yangu?"

Nikamwuliza Mdachi. Akaniangalia, akasema, "Wewe si upo?"

Nilirudi peke yangu na mvua. Nikakuta miche minne imeliwa. Kumi na nne imebaki.

Basi nikawa mtu wa maboga. Nililoweka tumbaku, nikanyunyiza, nikaokota, nikainua mkeka, nikaulaza. Mvua ikinyesha inaosha dawa, naanza upya. Mikono yangu ilinuka tumbaku mpaka chakula kikawa kichungu. Siku nyingine nilisimama katikati ya ile bustani nikaiambia, kwa sauti, kufeni basi, nilale. Haikufa. Ilitambaa. Majani yakawa makubwa, yenye miiba midogo, na koa hapendi jani la miiba, akahamia kwenye nyasi. Maua yakatoka. Siku nilipoona boga la kwanza, dogo, kijani, limekaa chini ya jani na shingo yake ndefu, niliketi pale pale mama alipokuwa ameketi matopeni, nikalia kilio ambacho sikukilia Newala.

Mama alirudi mvua zilipokwisha. Alikuwa amenenepa kidogo mashavuni, kwa majani ya kabichi ya kutupwa, na jambo hilo lilimtia aibu. Alinieleza hilo kabla hata hajaketi. Akapita bustanini, akayagusa maboga moja moja, akahesabu mpaka ishirini na sita. Hakunisifu. Alishika mkono wangu, akaunusa ile tumbaku, akauachia.

Tulipasua boga la kwanza lililokomaa, tukaanika mbegu zake juu ya ungo siku nyingi. Zilipokauka nilikichukua kile kibuyu kidogo, nikakijaza mpaka mdomoni, kama kilivyokuwa Newala. Kisha nikazimimina zote kwenye kinu, nikatwanga. Mama alikuwa akimenya mihogo. Aliniona, akaendelea kumenya. Nikazipika uji, nikamimina kwenye kata ndogo, ile aliyokuwa akinywea mwanangu. Nilikuwa nayo siku zote. Nilitaka kujua tu. Miaka miwili nilikuwa nataka kujua ule uji ungekuwa kiasi gani.

Uji haukufika mdomoni mwa kata.

"Siku mbili," mama akasema, kisu mkononi. "Nilipima. Siku moja ulipokwenda kuteka maji, nilivunja nta nikazimimina kwenye kata hiyo hiyo. Nikaona ni uji wa siku mbili. Nikazirudisha, nikaziba."

Nikasema, "Ungempa hizo mbili."

"Ningempa." Akaweka kisu chini. "Hakuna siku nisiyozitaka zile siku mbili."

Uji ulikuwa unapoa. Nikamwambia, "Nami ule mkeka ningeweza kuuinua."

"Najua," mama akasema. "Nilikuwa nautazama mkono wako."

Akaivuta kata, akanywa nusu, akanisogezea. Nikanywa nusu yangu. Ulikuwa mtamu, Mungu anisamehe. Nilipomaliza akaniita, kwa mara ya kwanza tangu Newala, kwa jina la mtoto wangu, mama wa yule, akaniuliza kama nimeacha mbegu za mwaka kesho.

Nikamwambia nimeacha.